Maneno Yenye Mkia wa Shen

Kwenye matanga ya Papa Clovis, mwezi uliopita, chakula kilikuwa kimeshapakuliwa na mimi nilikuwa nimekaa karibu na sufuria kama kawaida yangu, ndipo mjane wake, Mama Clovis, akasimama kuongea. Aliongea Kiswahili chetu cha Bukavu, polepole, kitenge kimefungwa kifuani. Mstari wa mbele walikaa wageni Wazulu, majirani wa ghorofa na mwenye nyumba, sahani kwenye magoti, hawasikii kitu. Mchungaji akazungusha macho akasema, "Dokta, kuya utafsirie hawa ndugu." Dokta ni mimi. Ninatengeneza simu hapa Point, Durban, meza moja na taa moja, na mteja mpya akisikia jina hilo anadhani ni kwa sababu ninafufua simu zilizoanguka chooni. Namwacha adhani hivyo. Basi nikasimama, midomo bado ina mafuta. Mama Clovis akasema, "Bwana yangu alikufa na tension." Alilisema kama tunavyolisema sisi, Kifaransa cha puani: tansyo. Mimi huyu, ambaye hata kwenye mazishi ya mtu nisiyemjua ninawachekesha wachimba kaburi, nilisimama pale kama robot, taa ya barabarani iliyokatiwa umeme, sina nyekundu wala kijani, na watu wote wanasubiri kupita. Mwishowe msichana mmoja wa kwaya akanisaidia, akasema kwa Kiingereza safi: blood pressure. Wageni wakatikisa vichwa kwa huruma. Nikarudi kwenye sahani yangu, nikaisukuma chini ya kiti.

Neno hilo lilinishinda kwa mara ya kwanza mwaka 2011, mwaka mmoja baada ya ule wa Kombe la Dunia, vuvuzela bado zinapulizwa na watoto kwenye ngazi. Mimi nilikuwa nimeingia yunivasiti kule Westville, mwaka wa kwanza wa sayansi. Sayansi, si udaktari. Udaktari ulikuwa mlango wa pili: ukifaulu vizuri sana mwaka wa kwanza, unaomba kuhamia huko, na wakikupenda wanakuchukua. Tofauti hiyo mimi niliielewa vizuri kabisa. Watu wa kwetu hawakutaka kuielewa, na mimi sikutaka kuwasumbua. Wiki ile ya kwanza tu nilikuwa nimeshakuwa Dokta kanisani, saluni, kwenye korido, na mzee mmoja alinisimamisha mbele ya lifti iliyoharibika akanionyesha ulimi. Nikautazama ule ulimi kwa makini sana. Nikamwambia anywe maji mengi. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yangu kwa kila mtu, kwa sababu nesi mmoja aliwahi kuniambia mimi nilipokuwa na mafua, na ninashukuru mpaka leo kwamba maji hayajamuua mtu.

Tulikaa flati moja ya zamani karibu na bandari, madirisha yenye kutu, vyumba viwili na sebule. Chumba kimoja cha Papa Clovis na mkewe, ambao hawakutuzaa lakini tuliwaita baba na mama. Kingine cha dada yangu mkubwa, yaya Riziki, aliyekuwa anasuka nywele mjini na kurudi jioni vidole vimekauka. Mimi nililala sebuleni nyuma ya pazia, na upande wa pili wa pazia ndiyo ilikuwa kazi ya Papa Clovis: cherehani, meza ya kukatia, suti za watu za Jumapili zimening'inia kama waumini waliochelewa. Huyu mzee alikuwa fundi ambaye watu walimfuata kutoka Overport na mbali zaidi. Lakini nilipofungua kitabu tu, alitoa mguu kwenye pedali. "Kelele iishe," anamwambia mkewe, hata kama mkewe hajasema neno. "Dokta iko anasoma." Halafu anakaa, mkono juu ya kitambaa, anasubiri. Mimi nyuma ya pazia nasikia ule ukimya wote ulioandaliwa kwa ajili yangu. Sasa niseme ukweli: mara nyingi nilikifungua kitabu ili nilale. Cherehani ile ilikuwa na makelele, na mimi niligundua kwamba kurasa mbili za bayolojia zinaizima haraka kuliko kuomba. Nikalala usingizi mtamu, kitabu kifuani, na mzee wa watu amekaa hapo anaichunga akili yangu isiamshwe.

Na chakula. Mama Clovis alipika kwa ajili ya sisi wote, bugali ya unga wa huku, mweupe kupita kiasi, na samaki. Kichwa cha samaki kilikuwa changu bila majadiliano. "Kichwa inaendaka kwa kichwa," anasema, anakiweka kwenye sahani yangu, macho ya samaki yananiangalia. Yaya Riziki, aliyekuwa amesimama siku nzima juu ya vichwa vya watu, alipata mkia. "Huyu akikosa kuwa docteur," anasema, "hatakosa kuwa samaki." Tulicheka wote. Papa Clovis alicheka mpaka akashika nyuma ya shingo, pale ambapo kichwa chake kilikuwa kinamuuma kila siku, na mimi nilikuwa nimekaa mkono wake wa kulia, nanyonya jicho la samaki, daktari mzima.

Kitu kilichonipa sifa zaidi ni Kiingereza. Wakubwa wengi wa kwetu walifika Durban wakubwa tayari, na Kifaransa chao cha shule. Kiingereza kiliwakamatia mlangoni. Kila mtu aliyekuwa anaenda kliniki alitaka kwenda na mimi. Na mimi nilikuwa na siri ya kazi, ambayo hata haikuwa siri, niliwafundisha vijana wa kanisa kwa mbwembwe. Niliiita sheria ya shen. Chukua neno la Kifaransa lenye mkia wa -tion. Litoe puani, livalishe shen mwishoni, tayari ni Kiingereza. Opération, operation. Infection, injection, inflammation, yote yanapita kama yamepakwa sabuni. Mzee mmoja wa baraza la kanisa nilimtafsiria constipation mbele ya manesi wawili, na wote wawili wakaelewa bila mimi kuonyesha kwa mikono. Siku moja nilimsikia Mama Clovis kwenye ngazi akimwambia jirani, "English ya huyu mutoto inatokaka kama maji ya robinet," yaani ya bomba. Nilisimama ghorofa ya chini nisimalize kupanda, ili aendelee.

Papa Clovis alikuwa na tension. Kila mtu alijua, kama unavyojua jirani yako ana baiskeli. Alikuwa anakunywa vidonge, na katikati ya mwaka vidonge vikaisha. Kurudi kliniki hakutaka. Karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa imepita muda, na alikuwa anaogopa kuulizwa karatasi mbele ya watu. Akakaa hivyo, kichwa kinauma, anashona. Mama Clovis ndiye aliyesema mezani, "Dokta, si upeleke baba yako kwa pharmacie? Uko unajua kuongea nabo." Nikasema hakuna shida, mama, sharp. Yaya Riziki akasema labda angojee yeye apate nafasi waende kliniki wote, karatasi au bila karatasi. Mimi nikasema kwa nini, na mimi niko hapa.

Tukaenda Overport, Jumamosi asubuhi. Nilivaa koti langu jeupe la maabara. Ndiyo. Ndani ya taxi, daladala ya huku. Papa Clovis mwenyewe ndiye aliyelipunguza kiunoni likanikaa vizuri, na alikuwa ameninyooshea kola. Mama mmoja wa Kizulu kwenye kiti cha nyuma alianza kuniambia habari za goti lake, na nilikuwa nimeshafika kwenye maji mengi ndipo tukashuka. Kwenye duka la dawa kulikuwa na dada mmoja nyuma ya kaunta, mpole, amevaa miwani. Nikamsalimia, nikamweka Papa Clovis mbele yangu kama kielelezo, nikasema kwa Kiingereza, "Huyu ni baba yangu. Ana tension." Nikalitoa puani, nikalivalisha shen.

"Tension," akasema yule dada, anamwangalia mzee kwa huruma. "Ana mawazo mengi?"

Nikamgeukia. "Papa, uko na mawazo mingi?"

"Mwana yangu, nani hana mawazo mu hii inchi?"

"Mengi," nikamwambia dada.

"Analala vizuri?"

"Papa, unalalaka?"

"Nalalaka wapi, na makelele ya Point?"

"Hapana, halali."

"Kichwa kinamuuma?"

Hapa mzee hakusubiri tafsiri, akajishika nyuma ya shingo. Dada akatikisa kichwa, anaelewa. "Kuna dawa nyingine yoyote anakunywa sasa hivi?"

"Papa, kuko dawa ingine unakunywaka?"

"Apana. Zilishaisha."

"Hakuna," nikasema.

Nimeyarudia haya maswali mara nyingi kuliko sala yoyote. Kila jibu lilikuwa la kweli. Ungeyapeleka mahakamani yangeshinda. Dada wa watu alifanya kazi yake kwa yale aliyoambiwa: akatoa kiboksi cha vidonge vya majani, vya kutuliza mtu mwenye wasiwasi, akatueleza kimoja asubuhi na kimoja jioni, na kwamba asipoona nafuu amwone daktari. Nikatafsiri: "Anasema, kama haiponi, uone docteur." Papa Clovis akacheka, akanipiga begani mbele ya yule dada. "Mwambie docteur ni huyu." Nikamwambia. Tukacheka wote watatu.

Na zile dawa zilifanya kazi, hicho ndicho kichekesho. Mzee akalala. Alikoroma mpaka suti zikatikisika kwenye hanga. Asubuhi anaamka mchangamfu, anasema hajalala hivyo tangu Bukavu, na Mama Clovis akaanza kuwaambia watu saluni kwamba dawa ya Dokta ni kali. Kwa sababu amepona, makayabu ikarudi mezani, ule samaki wa chumvi ambao mzee alikuwa amejinyima. Nilikula naye. Nilimwongezea kwa mkono wangu mwenyewe.

Halafu ikaja asubuhi moja, mimi niko nyuma ya pazia, nina mtihani wiki hiyo. Yaya Riziki alikuwa ameenda sokoni na Mama Clovis. Cherehani ilikuwa inakwenda, inakwenda, halafu ikanyamaza. Nikadhani amenisikia nikifungua kitabu. Nikasema moyoni, asante, Papa. Nikasikia mkasi umeanguka, nikasubiri auokote, hakuuokota, nikasema labda hataki kunisumbua. Ule ukimya ulikuwa mzuri sana. Nikalala ndani yake. Kilichoniamsha ni sauti ya yaya Riziki mlangoni, na mifuko ya soko ikianguka. Papa Clovis alikuwa sakafuni kati ya meza na cherehani, mdomo umevutwa upande mmoja, macho wazi, ananiangalia mimi ninayetoka nyuma ya pazia na alama ya kitabu shavuni. Alijaribu kusema kitu. Nilisikia "Do," akarudia "Do," kama mtu anayetafuna. Kati yangu na yeye kulikuwa na kitambaa tu. Sijui alikuwa ameniita kwa muda gani.

Hospitalini daktari alikuwa kijana, amechoka, kalamu nyuma ya sikio. Akauliza mgonjwa anakunywa dawa gani. Mama Clovis hakusubiri. Alifungua mkoba, akatoa kile kiboksi, akampa kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi. "Mwambie ni wewe ulimuletea," akaniambia. Daktari akakigeuza, akasoma nyuma, akaniangalia. "Hii ni ya wasiwasi," akasema. "Nani alisema apewe hii?"

"Ana tension," nikasema.

"Tension?"

"Tension."

Daktari akaondoa kalamu sikioni. Halafu akashika mkono wake mwenyewe juu ya kiwiko, akaubana, akaachia, akaubana. "Unataka kusema pressure? Blood pressure?"

Hilo neno nilikuwa nalijua. Watu wanadhani nilikosea kwa kutolijua. Nilikuwa nimelisoma, lilikuwa kwenye kitabu kile kile nilichokuwa nakilalia, kuna mchoro wa mkono na mpira wa kupulizia, na kwenye mtihani wa wiki ile lilikuwemo. Lakini blood pressure kwangu ilikuwa inakaa Westville, kwenye madarasa yenye kiyoyozi, na tension ilikuwa inakaa nyumbani, nyuma ya shingo ya Papa Clovis. Haikunijia hata siku moja kwamba ni mtu mmoja. Daktari hakunigombeza. Alisema tu, "Sawa," akaandika, akaenda, na Mama Clovis akanivuta shati. "Anasema nini? Dawa ilikuwa kidogo?"

Nilimweleza pale pale kwenye korido, neno kwa neno, kwa sababu sikuwa na akili ya kudanganya. Alisikiliza mpaka mwisho. Akarudisha kile kiboksi kwenye mkoba, akafunga zipu. "Basi ni luga," akasema. "Luga ya batu." Na hapo akawa amemaliza. Jumapili kanisa zima lilijua, na kanisa zima likasema hivyo hivyo, ni luga, na mchungaji aliomba Mungu atufungulie ndimi. Nilikaa benchi ya nyuma nikisubiri mtu mmoja tu anitukane. Hakuna. Mzee wa constipation alikuja kunishika mkono akaniambia hata yeye siku ile alikuwa na bahati. Baada ya mwezi mmoja, vijana walikuwa wanaisimulia kama kichekesho, nami, Mungu anisamehe, nikawasaidia kuisimulia, mimi ndiye niliyejua vizuri sauti ya yule dada na sura yangu kwenye koti jeupe. Watu walianguka kwa kucheka. Yaya Riziki alinisikia siku moja nikiifanya kwenye korido. Alingoja wale wenzangu waondoke. "Mukono ya mutu imekufa," akasema, "na wewe uko unafanya théâtre." Akaingia ndani. Wiki nzima hakuniambia neno, na ilikuwa wiki pekee niliyopumua vizuri.

Maana Papa Clovis alirudi nyumbani bila mkono wa kulia. Ulikuwepo, umening'inia, lakini ulikuwa wa mtu mwingine. Mguu ulianza kurudi kidogo kidogo, mdomo pia. Cherehani ilifunikwa kitenge. Suti zilichukuliwa na wenyewe moja moja, zingine zina mkono mmoja tu. Sebule ikawa na ukimya ambao hakuna aliyenitengenezea, asubuhi mpaka jioni, na mimi nikashindwa kusoma hata mstari. Nilikuwa naondoka na begi, Mama Clovis ananiaga, "Dokta, usome muzuri," nashuka ngazi, naipita taxi ya Westville, naenda kukaa na jamaa mmoja wa Lubumbashi aliyekuwa anafungua simu kwenye meza barabarani. Nilipenda simu. Simu ukikosea inazima tu. Haina mke mwenye mkoba. Mitihani ilipita mimi niko pale nashikilia taa. Nikajiambia kwamba ninafanya jambo la heshima: mtu kama mimi asiguse mgonjwa. Niliiona kama kufunga, kama kujikana. Kuna siku nilijisikia mtakatifu kabisa, na bisibisi mkononi.

Ilikuwa karibu na Krismasi nilipoamua kumwambia mzee mwenyewe. Nilimkuta amekaa dirishani, yaya Riziki yuko kazini, Mama Clovis jikoni anakaanga vitunguu. Alikuwa anaongea tena kwa wakati huo, kama mtu mwenye bugali ya moto mdomoni, lakini unamwelewa ukitulia. Nilikuwa nimeandaa kimzaha cha kuanzia, kikanipotea. Nikasema, "Papa, niliacha masomo."

"Kuacha namna gani?"

"Niliacha. Sitakuwa docteur."

"Walikufukuza?"

"Hapana. Mimi mwenyewe. Juu ya mukono yako, Papa. Siwezi tena kugusa batu. Ni azabu niliyojipa."

Nilisubiri. Ninajua nilichokuwa nasubiri, nakikumbuka kwa aibu: nilisubiri anishike kichwa aniambie hapana, mwana yangu, usijiumize. Nilikuwa hata nimeinamisha kichwa kidogo, kiwe rahisi kushikwa. Yeye akanyoosha mkono wa kushoto, akaukamata ule wa kulia kwenye kifundo, akauinua, akauweka juu ya meza kati yetu, alivyokuwa akiwawekea wateja kitambaa waone kama kina kasoro.

"Angalia huu," akasema. "Mimi huu niliisha kuuacha. Nilisema, bon, uende. Mutoto alikosea, sasa anajua. Siku moja mutu yetu ataingia hospitali aseme tension, na docteur mwenye atakuwa pale atamusikia." Alipumzika, akafuta mdomo. "Ni hiyo mawazo ilikuwa inanilalisha tangu hospitali. Si ile madawa."

"Papa, nisamehe."

"Ya pharmacie nilikusamehe zamani, mbele hata nitoke hospitali. Ya leo, apana. Ulikula mukono yangu, na sasa unakula hata docteur."

Hatimaye nilikuwa nimetukanwa kwa haki, na nikagundua sikuwa nimeitamani kama nilivyodhani. Nje taxi zinapiga honi. Mama Clovis akaita kutoka jikoni, hajasikia chochote, "Dokta, kuya ukule, chakula inapoa."

Papa Clovis akageuza uso kuelekea jikoni. "Dieumerci," akamwambia mkewe, polepole, akilitamka lote bila kuruka herufi, kazi kubwa kwa mdomo wake. "Huyu anaitwa Dieumerci."

Nilikuwa nimesahau kwamba analijua jina langu. Mama Clovis alikuja mlangoni na mwiko, akatuangalia, akarudi kwenye vitunguu vyake, na kesho yake aliendelea kuniita Dokta kama watu wote, kama wanavyoniita mpaka leo. Mzee hapana. Miaka yote iliyobaki nilikuwa namtembelea, namkata kucha za ule mkono, namtengenezea simu yake, tunacheka kwa mambo mengine, na kila nilipogonga mlango aliuliza nani, na nilijua jibu analolitaka. "Ni Dieumerci, Papa," ninasema. Ananifungulia.